Isome Damu Inayotoka Kichwani: Namna ya Kufuatilia Umetaboli wa Ubongo Wakati wa Upasuaji

Mdogo wangu unayeanza zamu za upasuaji wa ubongo, nakuandikia haya kwa ajili ya mama mmoja muuza samaki wa soko la Feri, Dar es Salaam. Alikuwa na uvimbe kwenye utando wa ubongo, upande wa kulia, mkubwa kama limau. Mimi ndiye niliyempa usingizi. Fuvu lilipofunguliwa ubongo ulikuwa umejaa na kukaza, dokta akaniomba niulegeze. Nikaongeza pumzi za mashine. Kaboni dayoksaidi kwenye monita ikashuka hadi milimita 24 za zebaki, ubongo ukalegea, kazi ikaendelea. Kila kitu kilionekana salama: oksijeni ya kidoleni asilimia 99, presha 112 kwa 64, mapigo 70.

Baada ya saa nzima ndipo nikavuta damu kwenye katheta ya shingoni, ile inayopokea damu inayotoka kwenye ubongo. Niliiona rangi yake kabla hata ya kuipeleka kwenye mashine. Ilikuwa nyeusi kama zambarau iliyoiva. Jibu likaja: oksijeni asilimia 43.

Kaboni dayoksaidi ikishuka, mishipa ya ubongo husinyaa. Ubongo wa yule mama ulikuwa unapata damu kidogo mno, ukawa unakamua oksijeni yote unayoweza kuipata katika hiyo iliyopita. Kidole hakikuwa na habari. Nilipunguza pumzi za mashine, nikapandisha kaboni dayoksaidi hadi 34, tukaiachia manitoli, dawa ya kuvuta maji kwenye ubongo, kazi ya kulegeza, na baada ya dakika 15 damu ya shingo ikarudi asilimia 61. Mama aliamka vizuri na akarudi kwenye meza yake ya samaki. Lakini ile saa nzima ambayo sikuangalia bado inaniuma, na ndiyo sababu siku hizi siingii kwenye kesi ya ubongo bila kujua nitausoma vipi ulaji wake wa oksijeni na sukari, yaani umetaboli wake.

Kwanza ujue unachokifuatilia

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.4 hivi, kama asilimia 2 ya mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote ya mwili uliopumzika. Mwaka 1948 Seymour Kety na Carl Schmidt, huko Marekani, walichapisha vipimo walivyovichukua kwa watu wazima walio macho. Waliwavutisha gesi ya nitrasi oksaidi kidogo, hiyohiyo iliyomo kwenye mitungi yetu ya bluu, wakalinganisha damu inayoingia na inayotoka kichwani. Walipata mililita 54 za damu kwa kila gramu 100 za ubongo kwa dakika, na mililita 3.3 za oksijeni. Zidisha mara 14 kwa ubongo mzima: karibu robo tatu ya lita ya damu kila dakika, na mililita 46 za oksijeni. Sukari ni kama miligramu 70 kwa dakika, yaani gramu 4 kwa saa. Hicho ni kijiko kimoja cha chai cha sukari, kila saa, mchana na usiku.

Na hauweki akiba. Ubongo unaishi kwa kibaba, kama nyumba inayonunua unga wa leo leo na umeme wa LUKU wa elfu mbili mbili. Damu ikikatika kabisa, fahamu zinapotea ndani ya sekunde kama 10. Ikipungua polepole, mambo yanakwenda kwa hatua: chini ya mililita 20 kwa gramu 100 umeme wa seli unaanza kufifia, ikikaribia 10 seli zinaanza kufa. Kati ya hatua hizo mbili kuna ubongo ulionyamaza ambao bado unaweza kuokolewa, na wewe uliyekaa kwenye mashine ya usingizi ndiye unayeweza kuuwahi, kwa sababu mgonjwa hawezi kukwambia mkono wake umekufa ganzi.

Hesabu yenyewe ni ya Adolf Fick, ya mwaka 1870. Kilichotumika ni kilichoingia toa kilichotoka, zidisha kwa kiasi cha damu iliyopita. Kwenye chumba chetu hatuna njia ya kupima hiyo damu iliyopita. Tunabaki na tofauti kati ya kuingia na kutoka. Kwa hiyo namba ya damu ya shingo haikwambii ubongo unakula kiasi gani. Inakwambia kama kinachopelekwa kinatosheleza kinachotakiwa. Shika hapo, maana makosa mengi ya kusoma yanaanzia hapo.

Kabla ya kisu

Fika mapema. Mimi naishi Mbagala, kwa hiyo siku ya kesi kubwa natoka saa kumi na moja alfajiri. Kipande hiki cha asubuhi ndicho kinachobeba kesi nzima.

Weka katheta ya ateri mkononi. Kisha ile transdyusa, kifaa kinachosoma presha, usiiache usawa wa moyo kama kwenye upasuaji wa tumbo. Ipandishe hadi usawa wa kijinyama kilicho mbele ya tundu la sikio, ndiyo usawa wa chini ya ubongo. Kila sentimita 10 za kimo zinakula milimita 7 hivi za zebaki. Ukimwinua mgonjwa kichwa ili sikio liwe sentimita 20 juu ya moyo, presha ya wastani ya 75 kifuani ni 60 tu kichwani, na toa tena shinikizo lililomo ndani ya fuvu. Nimewahi kumkuta kijana wa bodaboda aliyeumia kichwa akiwa na presha nzuri kwenye karatasi, na ubongo wake unaendeshwa kwa 45. Presha ya kuusukumia ubongo damu tunaitaka kati ya 60 na 70.

Dakika kumi baada ya kumweka kwenye mashine, vuta damu ya ateri na ulinganishe kaboni dayoksaidi ya damu na ile inayosomwa kwenye pumzi. Ya damu kwa kawaida huzidi kwa milimita 2 hadi 5, kwa wavuta sigara na wazee huzidi zaidi. Ukipata 37 kwenye damu na 30 kwenye pumzi, andika "pengo 7" kwa maandishi makubwa kwenye karatasi ya usingizi, kisha uendeshe kesi kwa kukumbuka pengo hilo. Linaweza kupanuka damu ikimwagika, kwa hiyo lipime tena. Kila milimita moja ya kaboni dayoksaidi inabadilisha damu ya ubongo kwa asilimia 3 hivi. Kwa yule mama wa Feri nilikuwa nimekata karibu theluthi ya mtiririko, kwa kuzungusha kitufe kimoja.

Katheta ya shingoni

Hii ujifunze kwa mkono wa aliyezoea, usijaribu peke yako kwa kusoma. Nakueleza ili ukisimama pembeni yake uelewe anachofanya.

Vena kubwa ya shingo, pale inapotoka kwenye fuvu, imefutuka kidogo. Kifuko hicho tunakiita bulbu, na damu iliyomo karibu yote imetoka kwenye ubongo. Ukishuka chini kidogo tu, damu ya uso inaingia na kukuharibia hesabu. Kwa hiyo sindano inaelekezwa juu, kichwani, kinyume cha tulivyozoea kuweka katheta za kati. Tumia mashine ya altrasaundi. Katheta inasukumwa taratibu, kwa mtu mzima sentimita 13 hadi 15, mpaka uhisi inagusa juu, kisha inarudishwa nusu sentimita hadi moja. Eksirei ya pembeni ionyeshe ncha iko usawa wa mfupa wa nyuma ya sikio, juu ya ukingo wa chini wa pingili ya kwanza ya shingo. Bila eksirei hujui unasoma nini.

Upande upi? Kwa wengi upande wa kulia ndio unaobeba damu nyingi zaidi. Tazama picha za CT: upande wenye tundu pana zaidi chini ya fuvu ndio mto mkubwa. Damu isiyoganda vizuri, jeraha la shingo au vena iliyoziba, acha kabisa. Na ongea na dokta wa upasuaji kabla, maana yeye ndiye anayejua atakigeuza kichwa upande gani.

Wakati wa kuvuta, kuwa na subira. Usizidi mililita 2 kwa dakika. Ukivuta kwa nguvu unaita damu ya usoni, namba inapanda, na wewe unafurahia uongo. Mimi nahesabu kimoyomoyo hadi arobaini kwa kila mililita. Kwa wakati huohuo mwenzako avute ya ateri. Mabomba ya sindano yote mawili yawe na heparini ya kuzuia damu isigande, mapovu yatolewe, yafungwe, yaingie kwenye barafu. Nina kikasha changu cha barafu nilichokinunua Kariakoo, kinakaa chini ya meza ya dawa. Kwa joto letu, damu iliyoachwa mezani inaendelea kula sukari yake yenyewe na kutoa lakteti, na mashine ya kupimia gesi ikiwa jengo jingine utapokea majibu ya bomba badala ya majibu ya mgonjwa.

Kusoma namba

Kawaida ni asilimia 55 hadi 75. Chini ya 50 kwa zaidi ya dakika 10, ubongo unalia njaa.

Ikishuka, usikimbilie dawa. Anza na shingo, kwa sababu ni haraka na mara nyingi jawabu liko hapo: kichwa kimegeuzwa kupita kiasi, au kamba ya kufungia tyubu ya kupumulia imebana na kuziba njia ya kurudi. Kamba ile nimeilegeza mara nyingi kuliko nilivyobadilisha dawa. Kisha kaboni dayoksaidi, je, nimeishusha mno? Kisha presha ya usawa wa sikio. Kisha wingi wa damu, na hapa nataka ukae na kalamu. Kila gramu ya himoglobini hubeba mililita 1.34 za oksijeni. Mwenye himoglobini 12, ateri asilimia 99, shingo 62, anachukua 12 mara 1.34 mara 0.37, yaani mililita 6 kasoro kidogo katika kila desilita. Huyohuyo akitoka damu hadi himoglobini 8, ili apate mililita zilezile 6, na mtiririko usipoongezeka, damu ya shingo itabidi ishuke hadi 43. Hakuna kilichoharibika ubongoni. Magari ya kubebea ndiyo yamepungua. Usipofanya hesabu hiyo utapandisha presha usiku kucha wakati mgonjwa anahitaji chupa ya damu.

Kama yote hayo yako sawa, uliza upande wa matumizi: usingizi umekuwa mwepesi, ana degedege lililofichwa na dawa ya kulegeza misuli, au amepata joto.

Sasa namba kubwa. Hii ndiyo ninayoiogopa zaidi, na wanafunzi wangu wengi huipita wakitabasamu. Asilimia 85 inaweza kuwa damu ya uso uliyoivuta kwa pupa. Inaweza kuwa damu nyingi kupita mahitaji, na ubongo utavimba usoni pa dokta. Inaweza kuwa dawa ya usingizi ya propofoli imeutuliza ubongo hadi hautaki chakula kingi, na hiyo ni heri. Au inaweza kuwa ubongo umeacha kula. Sokoni, mama anayerudi nyumbani na kapu lake lote la nyanya hajafanya biashara. Tulipokea kijana mmoja aliyeangushwa na pikipiki, shingo yake ikasoma 88, na mwenzangu akaandika "nzuri". Mboni za macho zilikuwa zimeshapanuka. Tangu hapo nasema kwa sauti: namba kubwa nayo iombewe maelezo.

Lakteti ndiyo inayosaidia kutenganisha. Seli yenye oksijeni inapata takriban vipande 30 vya nishati kutoka kwenye chembe moja ya glukosi. Isiyo na oksijeni inapata 2 na kutupa lakteti. Pima kwenye mabomba yote mawili. Ya shingo ikizidi ya ateri waziwazi, ubongo unachoma bila hewa, hata kama asilimia ya oksijeni inaonekana njema. Ila kumbuka dripu ya Ringa lakteti ina lakteti ndani yake, na chumvi yake ni nyepesi kidogo kwa ubongo uliovimba. Kwenye kesi hizi natumia dripu ya chumvi.

Kasoro moja kubwa isikutoke akilini: bulbu inachanganya damu ya ubongo wote. Kipande kidogo kinaweza kufa kimyakimya na damu ya kwingine ikaficha msiba. Dokta akibana ateri kwa klipu ya muda wakati wa kufunga mshipa uliofura kama puto, usitegemee shingo. Shika saa, tangaza kila dakika, presha iwe juu, na umwambie umefikia dakika ngapi.

Sukari na joto

Wagonjwa wetu huambiwa wasile kuanzia saa sita usiku. Kesi ya kwanza inachelewa, ya pili inaingia saa nane mchana. Hayo ni masaa 14 na kijiko kimoja cha sukari kila saa. Wakati huohuo wengi wanapewa deksamethasoni ya kupunguza uvimbe, ambayo inapandisha sukari. Kwa hiyo huwezi kukisia. Pima kabla ya usingizi, kisha kila saa. Chini ya milimoli 4 kwa lita tibu mara moja. Juu ya 10 ishushe kwa upole, kwa sababu sukari nyingi kwenye ubongo wenye njaa ya hewa inageuka kuwa asidi. Mimi naipenda kati ya 6 na 9. Dripu ya sukari usimtundikie mtu wa ubongo kwa mazoea. Sukari inaliwa, maji yanabaki na kuvimbisha.

Damu ya kipimo ichukuliwe kwenye ateri. Kidole cha mgonjwa aliyefunikwa na baridi hudanganya.

Joto sasa. Januari moja kiyoyozi kilituzimikia katikati ya kesi ya saa sita. Sisi tulikuwa tunalowa jasho, hatukufikiria mtu aliye chini ya mashuka manne. Kipimo cha kwenye umio kikasoma 38.3. Kila nyuzi moja ya joto inaongeza ulaji wa ubongo kwa asilimia 6 au 7, na damu ya shingo ilikuwa imeshuka kutoka 64 hadi 54 bila presha wala gesi kubadilika. Tulifunua miguu, tukaweka maji baridi kwapani, ikarudi. Kipimo cha joto kiwe ndani ya umio. Cha kwapani kinachelewa. Na umeme ukikatika jenereta likawaka, macho yako ya kwanza yaende kwenye pumzi: mashine imerudi na mpangilio uleule, au imerudi na wake?

Vyombo vingine

Stika ya mwanga wa infraredi ya kubandika kwenye paji la uso ina mizizi kwenye kazi ya Frans Jöbsis ya mwaka 1977. Ukiipata, ibandike kabla ya oksijeni na dawa ya usingizi ili upate namba ya mwanzo. Rangi ya ngozi yetu inapunguza mwanga, kwa hiyo usiihukumu namba yenyewe, hukumu mabadiliko. Kushuka kwa asilimia 20 kutoka pale ilipoanza kunahitaji hatua. Fuvu likifunguliwa mbele, haina pa kukaa.

Uzi wa kupima oksijeni ndani ya nyama ya ubongo unataka zaidi ya milimita 20 za zebaki. Kuna na katheta ya kuchuja kemikali za ubongo, ambayo wataalamu wengi huifungamanisha na Urban Ungerstedt wa Sweden. Maji yanapita humo kwa mikrolita 0.3 kwa dakika, yanakusanywa kila saa, yanapimwa glukosi, lakteti na piruveti, kile ambacho glukosi huwa kabla ya kugeuka lakteti. Lakteti ikizidi piruveti mara 25 unaanza kuwa makini, ikizidi 40 kuna hatari. Ni chombo kizuri sana kwa wodi ya uangalizi maalumu. Kwa aliyeko mezani, jibu la saa moja iliyopita limechelewa.

Upande wa dawa: propofoli na thiopentali hupunguza ulaji na damu kwa pamoja. Gesi ya usingizi ya isofluraini hupunguza ulaji, lakini dozi ikipanda hupanua mishipa, na halothani hupanua zaidi. Ndiyo maana ukibadilisha dawa katikati ya kesi lazima uvute jozi mpya ya damu, ya zamani haikuhusu tena.

Kumkabidhi

Mimi huvuta jozi mara nne: kabla ya fuvu kufunguliwa, utando unapofunguliwa, katikati ya kazi ngumu, na wakati wa kufunga, pamoja na kila mara kitu kinapobadilika ghafla. Naandika kwa mistari kwenye karatasi moja: saa, kaboni dayoksaidi, presha ya sikio, himoglobini, shingo, lakteti mbili, sukari, joto. Mtu akiisoma kwa kushuka anaona kesi nzima ilivyokwenda.

Mgonjwa akienda wodi ya uangalizi maalumu, nenda naye mwenyewe. Usimwachie mbebaji. Karatasi mpe sista wa zamu mkononi, umwonyeshe jozi ya mwisho na saa yake, umwambie ni kitu gani kiliishusha na nini kiliirudisha. Katheta ikibaki, andika kwa rangi nyekundu kuwa ni ya kuchukulia damu, isipitishwe dawa yoyote, kwani inaelekea kichwani. Ikitolewa, kichwa kiinuliwe kidogo tu, kidole kikandamize dakika tano kwa saa ya ukutani, kisha bandeji. Ukimaliza, kabla hujavua mavazi ya kijani, rudi chumba cha upasuaji ujaze barafu kwenye kikasha, maana kesi ya usiku haipigi hodi.